Nyuzi na Kadi Iliyolazwa Njaa

Dada yangu anaitwa Nyuzi na mtaa mzima, na sidhani kama nusu ya wateja wake wanalijua jina lake la kuzaliwa. Jina lilimganda kwa sababu hajawahi kutoka dukani bila uzi begani, na ukijaribu kumtoa huo uzi anakuangalia kama umemtia mkono mfukoni. Kazi yake ni kutarizi nembo: za shule, za makampuni ya ulinzi, za kwaya, za timu za mpira za watu wazima wenye vitambi. Ukiona sweta ya kijani inapita barabarani na ngao ya njano kifuani, jua imepita mikononi mwake. Nayasema haya mapema ili nisionekane namdharau. Kazi yake naijua na naiheshimu. Yeye mwenyewe ndiye tusiyepatana naye, na hapa nitaeleza tulivyofikia hapo, pamoja na sehemu yangu ambayo ndugu zangu walikaa wiki kadhaa bila kuijua.

Duka lake ni chumba kimoja chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Dari limekatwa mshazari kufuata ngazi, kwa hiyo mtu mrefu akiingia lazima ajue upande wa kusimama. Katikati kuna mashine ya kutarizi yenye sindano sita, pembeni meza yenye kompyuta ya mtumba, na ukutani amebandika vipande vya nembo. Wenzake hubandika kazi nzuri. Yeye amebandika zilizoharibika, kila moja na tarehe yake. Mteja mgeni akiuliza kwa wasiwasi kama hiyo ndiyo kazi yake, anajibiwa kwamba hayo ndiyo aliyokwisha kukosea na hatayakosea tena. Wengine hucheka, wengine hugeuza miguu wakaondoka.

Ana utaratibu wake. Nusu ya pesa mbele, nusu ukija kuchukua. Ukipotea miezi mitatu, nembo inafumuliwa na sweta inauzwa. Hakupigii simu, hakukumbushi. Na mteja ambaye hamtaki pia hamwambii kitu: anaacha kupokea simu zake, na akija dukani anaitikia salamu na kuendelea na mashine mpaka mtu mwenyewe ajiongeze. Amewaacha hivyo wauza nyuzi wawili na chama kimoja cha akina mama cha kusaidiana. Shemeji naye alivumilia kimya cha miezi minne, kisha akafunga begi. Nyumbani kwetu wote tumelelewa hivyo. Baba na mdogo wake walikaa miaka kumi na mmoja bila kusalimiana, na hakuna aliyeona ajabu. Kwetu, kitu usichokiongelesha kinakufa chenyewe.

Mimi ni karani wa chuo cha udereva. Naandikisha wanafunzi, napanga nani ataendesha gari gani saa ngapi, nachapa vyeti. Kwa hilo tu familia ikaamua kwamba mimi ndiye ninayejua kompyuta, na sifa hiyo imeniletea balaa kuliko faida. Miaka miwili na kidogo iliyopita Nyuzi alikuwa amechoshwa na jamaa mmoja aliyekuwa akimgeuzia michoro iwe mishono ya mashine. Jamaa alichelewesha, akazidisha bei, na siku moja akampa simba wa shule akiwa na miguu mitano. Nikamwambia dada kuna huduma ya mtandaoni inayofanya kazi hiyo kwa dakika mbili: unapandisha picha, yenyewe inapiga hesabu ya mishono, unaishusha kwenye flashi na kuichomeka kwenye mashine. Tena siku kumi na nne za mwanzo ni bure.

Tulikaa pale chini ya ngazi mchana mmoja kumwandikisha. Huduma ikaomba namba za kadi ya benki. Nyuzi akauliza kwa nini kitu cha bure kinataka kadi, na mimi nikamjibu kwa mkato kwamba ni utaratibu tu. Sikuwa nimesoma. Kulikuwa na maandishi madogo na kisanduku cha kutia alama, nikakitia alama kama wanavyofanya watu wote duniani. Kwa kuwa hakuwa na barua pepe, nikaweka yangu. Kadi ikawa yake, lakini barua zote zikawa zinakuja kwangu.

Siku ya kumi na tano wakakata pesa ya mwaka mzima. Alinijia chuoni na simu mkononi, macho yamemtoka. Hapo ndipo nilipoyasoma yale maandishi madogo nikamweleza: ukijiunga umewaruhusu waweke namba za kadi yako, na siku za bure zikiisha bila wewe kwenda kujiondoa, wanahesabu umekubali. Mwaka ukiisha, tarehe ile ile, wanakata tena, na mwaka unaofuata tena, mpaka siku utakayoingia mwenyewe kusitisha.

"Sasa mbona hawakuniuliza?" akasema.

"Ukinyamaza wanajua umekubali."

"Mimi nikinyamaza nimekataa. Hilo kila mtu analijua."

Kila mtu wa mtaani kwake, ndiyo. Wale hawakuwa wa mtaani kwake. Lakini kazi ilikuwa nzuri, simba akawa na miguu minne, na Nyuzi akameza hasira. Mwaka wa pili wakakata tena tarehe ile ile, akanung'unika siku mbili, yakaisha.

Kisha tukagombana, na hili nitalieleza kwa kifupi kwa sababu halinipendezi. Bosi wangu aliagiza mashati kumi na tano ya wafanyakazi, yenye usukani mdogo mfukoni. Kazi nilimpelekea dada. Siku ya kuchukua akaniambia haijawa tayari: usukani umepinda kidogo, anazifumua nembo zote kumi na tano na kuanza upya. Nikaangalia, sikuona kilichopinda. Mashati yalichelewa siku tatu, picha ya wafanyakazi ikapigwa mimi na wenzangu tukiwa na nguo za nyumbani, na bosi akanisema mbele ya wanafunzi. Jioni nikaenda dukani nikamwambia dada yangu maneno mengi, na la mwisho lilikuwa kwamba ndiyo maana mume alimkimbia. Alizima mashine, akakunja mashati, akayaweka kwenye mfuko, akanikabidhi. Kuanzia siku ile hakupokea simu yangu. Nami nikanuna, kana kwamba mimi ndiye niliyetukanwa.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Habari zake nilizipata kwa mama. Mama ndiye aliyeniambia kwamba Nyuzi hawataki tena wale wa mtandaoni. Nembo za shule zake zote alishazipata, ziko kwenye flashi, mashine haihitaji zaidi ya hapo, na bei wameipandisha. Ila kujiondoa kulitaka barua pepe, na barua pepe ilikuwa yangu. Angeniomba tu. Hakuniomba. Badala yake akawafanyia wale alichowafanyia wauza nyuzi na shemeji. Siku mbili kabla ya tarehe alihamisha pesa zote kutoka kwenye akaunti, akaacha senti za kuzugia, akamwambia mama, "Kadi nimeilaza njaa."

Tarehe ikafika, wale wakajaribu kukata, wakakuta patupu. Benki ikamtumia ujumbe kwamba salio halitoshi. Siku ya nne wakajaribu tena, siku ya kumi tena. Nasikia alikuwa akiwasomea wateja ujumbe huo huku anacheka, anasema wanambembeleza, watachoka. Kwake kila ujumbe ulikuwa ni hapana nyingine aliyowapa. Hakujua kwamba kwa wale hakuna hapana yoyote iliyofika. Kadi isiyo na pesa haisitishi kitu. Mkataba ulikuwa palepale, na malipo yaliyoshindikana ni malipo yaliyochelewa tu, yatajaribiwa siku nyingine. Kompyuta haioni aibu, wala hainuni.

Na mimi je? Siku kumi na nne kabla ya tarehe ile nilikuwa mezani kwangu chuoni, natafuna karanga, ikaingia barua yao. Niliifungua. Ilisema usajili utajihuisha tarehe fulani, kitakatwa kiasi fulani, na asiyetaka kuendelea abonyeze hapa, hatadaiwa chochote. Niliisoma mpaka mwisho. Nilijua dada hataki kuendelea. Kubonyeza kungenichukua muda wa kumenya karanga tatu. Nikasema moyoni, shauri yake, akikatwa atakuja mwenyewe, na akija atakuja ameshika adabu. Nikaifunga. Baada ya hapo zikaja nyingine za malipo kushindikana, hizo hata sikuzifungua. Nitasema ukweli: nilikuwa nafurahi.

Sasa kuhusu mama. Jicho lake la kulia liliharibika zamani, la kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho. Mwaka huu alifikia mahali pa kujimwagia maji ya moto mkononi akidhani kikombe kiko pale. Hospitali ina daktari wa macho anayekuja mara mbili kwa mwaka, na mama akapangiwa upasuaji Alhamisi. Pesa zilitakiwa zilipwe Jumatano kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi inapewa mwingine, na yeye asubiri nusu mwaka kwa jicho ambalo kila wiki lilikuwa linazidi kufunga. Tukachanga watatu: mimi, Nyuzi, na kaka yetu mkubwa anayeuza vifaa vya ujenzi. Pesa zikaenda kwa Nyuzi, kama kawaida. Tangu ugonjwa wa baba yeye ndiye mtunza pesa wa familia, na haijawahi kupotea hata shilingi. Tuliziweka kwenye akaunti yake Jumamosi. Kwa zaidi ya wiki hakuwa amepata ujumbe wowote kutoka benki, akajua wale wameshakufa.

Jumapili asubuhi, siku ya ishirini na moja, wale wakajaribu tena. Wakakuta pesa za jicho la mama, wakakata mwaka mzima. Ikaondoka karibu theluthi.

Nyuzi aliandika kwenye grupu la familia maneno manne: wale wa mtandaoni wamekata. Kaka hakujua wale ni kina nani, na hakutaka kujua. Akatuma sauti ya dakika tatu. Alisema pesa za jicho la mama si za kuchezea, kwamba kama dada alikuwa na shida angesema, kwamba biashara ikiyumba mtu huwaambia ndugu zake, haibi kwa mzazi kisha akasingizia mitandao. Niliisikiliza sauti ile mara mbili. Katika ukoo mzima mimi peke yangu nilikuwa najua dada anasema kweli. Mama alishawasikia hao wa mtandaoni, lakini aliamini kadi iliyolazwa njaa haikatwi. Nikatuma vile vikono viwili vya kuomba, nikaweka simu chini.

Jumatatu Nyuzi alikwenda benki. Wakamweleza kwamba hakuna wizi: kadi ni yake, ruhusa alitoa mwenyewe siku ile ya kwanza, kwa hiyo wa kurudisha ni waliokata, awaandikie kupitia akaunti yake kwao. Akaunti yake kwao ilikuwa mimi.

Alifika chuoni saa tano. Wanafunzi wanne walikuwa kwenye benchi wanasubiri gari. Hakunisalimia. Alizunguka kaunta, akasimama nyuma ya kiti changu, uzi mwekundu begani, akasema, "Ifungue."

Nikafungua barua pepe. Nikaandika jina la huduma kwenye kisanduku cha kutafutia, zikajipanga zote, mpya juu, za zamani chini. Mimi nilikuwa natafuta ya juu kabisa, ile ya risiti. Yeye akainama mpaka nikasikia pumzi yake sikioni. Huyu ni mtu anayeona usukani uliopinda upana wa nywele. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya zile nyingine.

"Hizi zote maandishi yake manene," akasema. "Hii moja mbona nyembamba?"

Ningeweza kusema chochote. Ningesema ndivyo zinavyokuja.

"Ikishasomwa inakuwa hivyo," nikasema.

"Inasema nini?"

Nikamsomea. Tarehe ya kukatwa, kiasi, bonyeza hapa kama hutaki. Aliniuliza ilikuja lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole, polepole, siku kumi na nne mpaka tarehe, na nyingine ishirini mpaka Jumapili. Wanafunzi kwenye benchi walikuwa wamegeukia kwetu.

"Ulijua siwataki?"

"Mama aliniambia."

Hakupaza sauti. Alivuta kile kiti cha wateja, akakaa pembeni yangu, akaniambia nifunge kwanza huo mkataba, mengine baadaye. Nadhani ningependelea kofi.

Kuufunga kulituchukua karibu saa nzima. Kuingia siku ile ya kwanza kulikuwa na kitufe kikubwa cha bluu; cha kutokea kilikuwa ndani ya mipangilio, ndani ya malipo, ndani ya kitu kilichoitwa mpango wako, kwa maandishi ya kijivu ambayo hata yeye aliyaona kwa shida. Nilipobonyeza wakasema wanasikitika. Wakatoa nusu bei kwa miezi mitatu. Tukakataa. Wakasema tunaweza kupumzika tu badala ya kuondoka. Tukakataa. Wakataka sababu, wakaweka sita za kuchagua, na Nyuzi akauliza kama kuna ya kusema mmeniudhi. Haikuwepo. Nikachagua ya bei. Wakauliza tena kama tuna uhakika, na mwishowe wakakubali, wakatuma barua ya kuthibitisha, ikaingia ikiwa nene. Nyuzi akaniambia niifungue mbele yake.

Kisha tukaandika kudai pesa. Masharti yao, ambayo sasa niliyasoma neno kwa neno na dada yangu amekaa pale, yalisema mwaka mpya ambao haujatumika unarudishiwa pesa ukidaiwa ndani ya siku kumi na nne tangu kukatwa. Tulikuwa ndani. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi: wamekubali, pesa zitarudi kwenye kadi kati ya siku tano na kumi za kazi.

"Jumatano saa sita," akasema Nyuzi.

"Zitakuwa hazijafika."

"Najua. Wewe una ngapi?"

Nilikuwa na pesa za friji. Nilikuwa nimeziweka tangu mwaka uliopita, nimebakiza kidogo nikanunue. Zililitosha pengo, zikabaki za nauli. Nikamwambia nitamtumia kwenye simu, akasema hapana, mkononi, dirishani kwa mhasibu wa hospitali, na yeye akiwepo. Jumatano saa nne tulisimama kwenye foleni ile mimi mbele yeye nyuma, nikalipa, akaichukua risiti, akaikunja, akaiweka kwenye pochi yake. Alhamisi mama akafanyiwa.

Mngedhani yameishia hapo. Kaka aliambiwa tu kwamba pengo limezibwa, akadhani Nyuzi amezitapika kwa hofu. Akatangaza kwenye grupu kwamba kuanzia sasa michango yote itapita kwake. Nyuzi hakujitetea. Alikuwa na neno moja la kusema lililonihusu mimi, na hakulisema. Hilo lilinitesa kuliko kama angelisema, na pia, ngoja nimalizie, lilinipa nafuu.

Pesa zilirudi siku ya tisa. Nyuzi akanitumia ujumbe: "Pesa zako ninazo. Jumapili njoo kwa mama uzichukue, umweleze na kaka." Jumapili ile sikwenda. Nilisema kuna kazi. Jumapili iliyofuata nikasema tumbo. Nilianza hata kupiga hesabu kwamba friji naweza kuisamehe, bora heshima yangu ibaki. Nilikuwa tayari kununua ukimya wa dada yangu kwa bei ya friji, na nilijiona mwerevu.

Kilichonitoa ni simu ya mama. Alikuwa na furaha, anaona vizuri, anasoma maandishi kwenye pakiti ya majani ya chai. Katika mazungumzo akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba amemwambia Nyuzi amrudishie vile vihela vyake vidogo anavyomtunzia, maana kaka ameshauri. Nyuzi alimletea siku hiyo hiyo, kamili, pamoja na daftari la hesabu. Mama akasema, "Nimejisikia vibaya, lakini siku hizi huwezi kujua." Nilikata simu nikakaa chini sakafuni.

Jumapili nikaenda. Sebule ya mama ni ndogo, viti vitatu na stuli. Kaka alikuwa kwenye kiti kikubwa, mama kando yake na miwani myeusi aliyopewa hospitali, Nyuzi kwenye stuli karibu na mlango. Sikutaka chai. Nilisimama nikasema yote kwa mpigo: kwamba barua ya onyo ilikuja kwangu siku kumi na nne kabla, nikaisoma, nikajua dada atakatwa, nikanyamaza kwa makusudi kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Na kwamba niliposikia anaitwa mwizi nikanyamaza tena. Kaka aliuliza maswali mawili ya kijinga kuhusu kadi, kisha akaelewa, akaanza kuangalia viatu vyake. Samahani hakusema. Kaka yetu hajawahi kulitamka neno hilo. Wiki iliyofuata alimpelekea Nyuzi ndoo ya rangi ya kupaka mlango wa duka, na kwake hiyo ndiyo samahani.

Nyuzi alitoa bahasha kwenye pochi, akanyoosha mkono.

"Hesabu."

Nikahesabu. Zilikuwa kamili.

"Miaka yote nilikuwa nadhani mtu ukimnyamazia umemalizana naye," akasema. Alikuwa ananiangalia mimi, lakini alisema taratibu ili mama asikie kila neno. "Kumbe ukinyamaza bado yumo, siku yoyote anaingia anakata. Basi wewe nakwambia kwa mdomo, na mama shahidi. Ulilosema kuhusu ndoa yangu nilikuwa nakaribia kulisamehe. Hili la jicho la mama silisamehe. Kwangu usije."

Nilisema, "Dada." Alisimama, akamuaga mama kwa kumshika bega, akamuaga kaka, akatoka. Mama aligeuza uso kunifuata mimi, miwani ile myeusi imenielekea, na sikuweza kujua ananiangaliaje.

Dawa ya jicho inawekwa mara nne kwa siku kwa wiki sita, na mama hawezi kujiwekea. Tumegawana. Nyuzi anakwenda asubuhi na mchana, mimi saa kumi na saa mbili usiku. Nikifika ameshaondoka. Mezani nakuta chupa na kikaratasi kwa mwandiko wake mnyoofu: matone mawili, tikisa kwanza. Hakuna salamu wala jina. Kaka amerudisha michango kwa Nyuzi bila kutangaza, na mama amemrudishia daftari lake. Mimi friji nilinunua. Inafanya kazi.

Jana nilikuwa nimemwinamia mama, chupa mkononi, naye ameinua uso anasubiri. Akaniuliza kama nimeshaongea na dada yangu. Nikamwambia tulishaongea, mama, ulikuwepo.

"Bora mngenyamaza kama zamani," akasema.

Nilimwekea tone la kwanza, na la pili, nikamwambia afumbe jicho dawa isitoke.